Tua (ziara ya kampuni) ya Malta ya "visiwa vitatu siku moja": uzoefu wangu

Naandikia nyie mnaoishi Uingereza kama mi na bado mna pasi ya Tanzania, maana ukisikia mtu anakwambia Malta unaamua Alhamisi Ijumaa unaruka ujue huyo haombi viza. Sisi ni viza ya Schengen (ile ya pamoja ya nchi za Ulaya, Malta imo), yuro 90, na bima ya safari ya yuro 30,000, mi nilianza makaratasi mwezi wa pili kwa safari ya mwezi wa sita.

Ndege na hoteli nilijitafutia mwenyewe, poa tu. Kilichoniponza ni tua. Boti moja, visiwa vya Comino na Gozo siku hiyohiyo, na kwenye tangazo wameweka picha ya ule mwamba wenye tundu, Azure Window, nkasema hapa ndo penyewe, nkalipia. Kumbe ulishaporomoka baharini tangu 2017!! Tukabanwa kwenye boti kama daladala la Mbagala saa kumi na mbili jioni. Blue Lagoon, ile ghuba ya Comino, maji mazuri sikatai, unaona mpaka kucha zako chini, ila kivuli hakuna, taulo juu ya taulo. Halafu Gozo tukapewa saa moja na nusu jamani, yaani mahekalu ya Ġgantija ya miaka zaidi ya 5,000, yameyazidi umri mapiramidi ya Misri, tumeyapita tu na basi.

Kesho yake nkaenda Gozo mwenyewe. Basi namba 41 toka Valletta, mji mkuu, mpaka bandari ya Ċirkewwa (ni mbali, beba maji), pale unapanda feri dakika kama 25, na kwenda hulipi, unalipa wakati wa kurudi, haifiki hata yuro tano. Mi nahangaika kutafuta pa kukatia tiketi mpaka mama mmoja akanicheka.

Huko Gozo nkaingia duka la pastizzi, vile kama sambusa lakini ndani jibini au njegere, muuzaji anamhesabia mteja, sitta, sebgħa... nkageuka nkidhani kuna Mswahili mwenzangu! Kimalta bwana kina Kiarabu kingi, na sita na saba zetu nazo zimetoka hukohuko.

Nikirudi nalala Gozo siku mbili, Comino nagusa asubuhi mapema tu.

Wale wa tua niliwaandikia warudishe hela kwa ajili ya ile picha. Wamenijibu eti ni picha ya mfano. Nyota 1.