Tathmini ya pawa saplai ya zamani ya mezani, volti 0 hadi 30, baada ya matengenezo

Pawa saplai ninayoitathmini hapa, yaani kifaa cha kulisha umeme vyombo vinavyojaribiwa mezani, ni ya aina ile ya zamani yenye transfoma nzito, mita mbili za mshale na vifundo vitatu usoni: viwili vya volti, yaani cha kurekebisha kwa upana na cha kurekebisha kidogo kidogo, na kimoja cha kikomo cha mkondo. Inatoa volti 0 hadi 30 na ampea 0 hadi 3, na ilinifikia ikiwa mbovu. Ndani yake mna daraja la dayodi linalogeuza umeme wa AC kuwa DC, kapasita kubwa ya mikrofaradi 6800 ya kuusawazisha, transista mbili za 2N3055 za kupitisha mkondo, zilizofungwa sambamba kwenye bati la kupozea, IC ya 723 inayotoa volti ya rejeo, na opampu (IC za kulinganisha na kukuza volti) mbili, moja ikisimamia volti na nyingine mkondo. Kila kipuri kinaonekana kwa macho na namba yake inasomeka, jambo ambalo kwa fundi ni nusu ya kazi.

Ubovu wenyewe ulikuwa wa hatari: kila ilipowashwa, mshale wa volti uliruka hadi mwisho na kubaki hapo hata vifundo vyote viliporudishwa sifuri. Chombo cha kufanyiwa majaribio kikiunganishwa katika hali hiyo, kinaungua kabla mtu hajafikia swichi. Dalili ya namna hii kwa kawaida huelekeza kwenye transista za kupitisha mkondo, kwa hiyo nilichomoa waya wa umeme, nikaiondolea kapasita kubwa chaji kupitia resista, kisha nikapima kati ya kolekta na emita, miguu miwili ambayo mkondo mkubwa wa transista hupita kati yake. Multimita ilionyesha karibu omu 0 pande zote mbili. Kwa kuwa transista hizo zimefungwa sambamba, kipimo hicho hakisemi ni ipi iliyokufa. Ni lazima emita ya mojawapo itenganishwe kwanza ndipo kila moja ipimwe peke yake.

Transista moja ilikuwa imeungana ndani (shoti), nyingine nzima. Mtu mwenye haraka angebadilisha ile mbovu na kufunga boksi, na baada ya muda ingekufa tena, kwa sababu chanzo hakikuwa ndani yake. Kila emita ina resista ya omu 0.1 ambayo kazi yake ni kuzifanya transista hizo zigawane mkondo sawasawa. Resista ya ile transista nzima ilikuwa imekatika chini ya ganda lake la kauri bila alama yoyote ya kuungua kwa nje, hivyo mwenzake alikuwa akibeba ampea zote 3 peke yake. Juu ya hayo, grisi ya joto iliyopakwa kwenye karatasi ya mika, ile inayozuia umeme kati ya transista na bati, ilikuwa imekauka na kugeuka unga mweupe, na joto halikuwa na njia nzuri ya kufika kwenye bati.

Nilibadilisha transista zote mbili pamoja, na hata wewe nakushauri ufanye hivyo. Za 2N3055 zilizotengenezwa miaka ya mwanzo zilikuwa za polepole kuliko za sasa, na kuchanganya ya zamani na mpya kunavuruga mgawanyo wa mkondo. Jihadhari pia na bandia: kasha ni lilelile, maandishi ni yaleyale, lakini kipande cha silikoni ndani ni kidogo mno kuweza kustahimili wati 115 zilizotajwa kwenye karatasi ya vipimo. Kumbuka kwamba kasha lenyewe ndilo kolekta. Baada ya kukaza skrubu, pima kama mika inatenganisha kweli kasha na bati kabla ya kurudisha umeme. Kuwasha mara ya kwanza nilitumia balbu ya nyuzi iliyofungwa kwa mfululizo na waya wa umeme, na ilipowaka kwa muda mfupi kisha ikafifia, nilijua hakuna tena pahali palipoungana.

Lawama yangu kubwa kwa waliobuni mashine hii ni potenshomita ya volti, yaani resista inayobadilishwa kwa kuzungusha kifundo. Mguu wake wa kati unaingia moja kwa moja kwenye opampu bila kitu chochote cha kuuvuta chini, kwa hiyo kitelezi kilichoungwa na mguu huo kikikosa mguso kwa sababu ya vumbi au uchakavu, ingizo hubaki likielea na volti inaweza kupanda hadi popote. Kuna wanaoridhika na kupuliza dawa ya kusafishia migusano. Mimi niliweka potenshomita mpya ya kiloomu 10, na kutoka mguu wa kati hadi hasi nikaongeza resista ya kiloomu 220, ili siku kitelezi kitakapoachia, volti ishuke sifuri. Resista moja ndogo, na ingepaswa kuwemo tangu kiwandani.

Rele, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, inayobadilisha waya za transfoma kati ya volti ya chini na ya juu ilikuwa sawa. Mlio wake husikika volti zinapopita 14 hivi. Ikikwama upande wa juu, transista hupoteza karibu wati 100 kwa joto unapotoa volti 5 na ampea 3. Kapasita kubwa nayo niliibadilisha, kwani ikishapoteza nusu ya uwezo wake, volti hushuka kwa zaidi ya 8 kati ya mapigo, na pawa saplai hushindwa kushikilia volti 30 chini ya mzigo.

Baada ya kazi hiyo, matokeo ni mazuri kuliko nilivyotarajia. Kwa mzigo wa ampea 2, mawimbi yaliyobaki kwenye volti inayotoka, yakitazamwa kwa oskiloskopu (kifaa kinachochora umbo la volti), hayakufika milivolti 2, na hapakuwa na kelele ya masafa ya juu inayotoka kwenye pawa saplai nyepesi za kisasa. Kwa anayetengeneza redio au vikuza sauti, hilo linatosha kuhalalisha uzito wake. Kasoro ambayo haitengenezeki kirahisi ni kapasita ya mikrofaradi 470 kwenye terminali za kutokea. Hata ukiweka kikomo cha miliampea 20, chaji iliyomo humiminika yote ndani ya LED mara tu unapoigusisha, kwa hiyo unganisha kwanza, ndipo upandishe volti kutoka sifuri. Mita za mshale pia hazionyeshi tofauti ya volti 0.1, na multimita pembeni ni ya lazima.

Anayefikiria kununua ya namna hii ikiwa mbovu aanze na transfoma. Transista, resista, kapasita na hata 723 hupatikana. Transfoma inayonuka vanishi iliyoungua haina badala yake rahisi, na hiyo mimi nisingeichukua.