Redio ya gari dogo ndani ya Fuso: nilivyohudumiwa na fundi umeme wa Gerezani

Fuso yangu, ambayo hubeba saruji kutoka Wazo kwenda Morogoro, iligoma kuwaka alfajiri mara kwa mara kwa muda wa miezi minne, na muda wote huo nilikuwa nikizilaumu betri. Fundi wa kwanza, wa mtaani kwetu, alikuwa amenifungia redio ya volti 12 kwa kuchukua umeme kwenye betri moja tu kati ya mbili zinazolipatia lori volti 24. Redio ilipiga vizuri siku ile ile, nikamlipa na kumshukuru.

Hatimaye nikalipeleka lori kwa fundi umeme kijana wa Gerezani, Dar es Salaam, naye hakuanza na redio. Alifungua boksi la betri, akamwomba dereva awashe injini, kisha akapima betri moja baada ya nyingine: ya kwanza ilisoma volti 12.9, ya pili 15.1. “Kaka, jumla ni 28, kwa hiyo altaneta yako haina kosa,” aliniambia, “ila hii inanyonywa na redio, na mwenzake anakaangwa.” Alipofungua vifuniko vya ile ya pili, maji yalikuwa yameshuka chini ya usawa wa sahani za risasi zilizo ndani yake. Altaneta huchaji betri zote mbili kama kitu kimoja na haina njia ya kujua ipi ina njaa, hivyo ile iliyoshiba huendelea kulishwa kwa ajili ya mwenzake.

Dawa yake ni konvata ya kushusha volti 24 kuwa 12. Nilikuwa nimeshika ya ampea 5 kwa sababu ya bei. Aliikataa, akanionyesha fyuzi ya ampea 10 nyuma ya redio, akachagua konvata ya ampea 15 (zile wati 200 zilizoandikwa kwenye boksi la redio zilimchekesha tu, kwani fyuzi ya ampea 10 haiwezi kupitisha kiasi hicho). Aliweka fyuzi karibu kabisa na betri, ili waya ukichubuka njiani usiunguze kabini ya dereva, na rilei inayokata umeme ufunguo unapozimwa. Mwanzoni FM ilipiga mluzi, naye, bila kuombwa, akaihamisha konvata mbali na waya wa antena na kuifunga kwa skrubu kwenye bati nyuma ya kiti cha utingo, ambako pia inapoza joto lake.

Kasoro zipo. Nilifika saa tatu asubuhi nikaondoka saa kumi jioni, nikiwa nimesimama karibu muda wote, kwa kuwa benchi lililopo hukaliwa na vipuri. Aidha, kwa kuwa rilei hukata umeme wote, redio husahau saa na stesheni kila lori linapozimwa. Alikiri kwamba zipo konvata zenye waya wa pembeni wa kumbukumbu, lakini siku hiyo hakuwa nayo, na nadhani alipaswa kunieleza hilo kabla ya kufunga. Nililipa shilingi 48,000 za konvata na 25,000 za ufundi, nikapewa risiti.

Betri iliyokaangwa haikupona. Kwa ushauri wake nilinunua mbili mpya zinazofanana, kwa maana mpya ikifungwa na kuukuu huburutwa nayo. Juzi nimezipima injini ikiwaka: 14.0 na 14.1. Dereva bado analalamikia stesheni zake.