Mifupa tu, eti

Naandika hasira zikiwa bado moto, maana nikizingoja zipoe nitaanza kumhurumia yule bwana aliyetuongoza makumbusho, mwisho niseme safari "haikuwa mbaya sana". Ilikuwa mbaya.

Darasa letu la utalii, watu thelathini na ushei, lilikwenda Makumbusho ya Taifa ya Nairobi majuzi, wiki ile mvua ilipokataa kukatika. Na makumbusho yenyewe sina neno. Neno langu ni kwa wakala aliyetuuzia kile alichokiita siku nzima ya elimu: basi lake, chakula chake, mwongozaji wake. Kila mmoja wetu alituma elfu moja na mia tano kwa M-Pesa. Mwenye kazi ataona ni pesa ndogo. Kwangu mie ni unga na mafuta ya kupikia ya wiki mbili, na mkopo wa masomo ulikuwa haujaingia.

Siku nzima hiyo ilianza saa sita na nusu mchana. Basi la saa mbili asubuhi lilitufikia saa tano, likaenda kutia mafuta, likaingia kwenye foleni likalala humo. Haya, Nairobi ndiyo Nairobi. Nilikuwa tayari kusamehe. Miaka miwili napita pale chini kwa matatu za Westlands nikijiambia iko siku nitakipanda kile kilima, na siku ndiyo hiyo.

Uani yupo Ahmed. Ni sanamu ya ndovu, kimo cha ndovu mwenyewe, pembe ndefu zimeshuka. Mwongozaji akasema, "Huyu ni ndovu. Pigeni picha tuingie." Huyu ni ndovu! Ahmed wa Marsabit, ambaye mwaka 1970 Mzee Jomo Kenyatta alitoa amri alindwe, akawekewa walinzi usiku na mchana, hadi akafa kifo chake cha uzee mwaka 1974, pembe zake akiwa nazo. Ndovu mmoja, nchi nzima inamjua kwa jina, tena jina la jirani yetu Likoni. Mimi hiyo ningeisimulia nusu saa bila kumeza mate. Yeye alikuwa anaangalia simu.

Ukumbi wa ndege tuliupita kwa mwendo wa watu waliochelewa treni. Mamia ya ndege mle, na sikumbuki hata mmoja.

Sasa nifike kwenye chumba cha mafuvu. Ukiingia mle sauti inashuka yenyewe, hakuna anayekwambia unyamaze. Humo ndimo alimo kijana wa Turkana. Alikufa yapata miaka milioni 1.5 iliyopita pale Nariokotome, magharibi ya Ziwa Turkana, na mifupa yake imepatikana karibu yote, jambo ambalo kwa watu wa kale namna hiyo ni nadra mno. Wataalamu waliosoma meno yake wanamkadiria umri wa miaka minane au tisa, ingawa kimo alishanifikia mimi. Niliinama kwenye kioo nikaitafuta taya. Mwalimu alikuwa ametwambia darasani kwamba tayani pana alama ya ufizi uliofanya usaha baada ya jino la utoto kung'oka, na wapo wanaodhani ugonjwa huo ndio uliomuua. Jino! Mdogo wangu alilia siku tatu kwa jino kama hilo, mama akimsukutulisha maji ya chumvi. Nikawa najiuliza huyu naye nani alimbembeleza.

Ndipo nikasikia nyuma yangu: "Dada, hiyo ni mifupa tu. Twendeni, chakula kinapoa."

Nikamgeukia. Nikamuuliza kwa adabu, "Samahani kaka, huyu aliokotwa na nani?" Jibu nilikuwa nalo, nakiri, nilikuwa namtega. "Wazungu," akasema. "Kina Leakey." Ni kweli Richard Leakey ndiye aliyekuwa mkuu wa msafara, simnyang'anyi haki yake. Lakini jicho lililokiona kile kipande kidogo cha fuvu katikati ya vijiwe vyeusi, mwaka 1984, lilikuwa la Kamoya Kimeu, mwana wa Ukambani. Mwaka uliofuata akapewa nishani ya National Geographic, akakabidhiwa na Rais Reagan. Alifariki mwaka 2022. Nikayasema hayo, labda kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyopasa. Yule bwana akacheka: "Basi wewe ndiye mwongozaji, sisi tukulipe." Na wenzangu wakacheka naye. Hapo ndipo paliponiuma, na panauma mpaka sasa.

Nyanya yangu, siku nilipomwambia nasomea uguide wa watalii, alisikia ugaidi, akashika kichwa akasoma Ayatul Kursi. Nilimcheka wakati ule. Sasa namwelewa.

Niseme haki pia. Pilau ilikuwa pilau, nyama zake unaziona kwa macho, na kachumbari yenye ndimu ya kutosha. Dereva, mzee mmoja mpole, alimsubiri mwenzetu aliyeishiwa nguvu, akampa maji yake mwenyewe. Nikiwa nimeshiba nilishafika nyota tatu kichwani. Nikajiambia pengine mwongozaji ana yake nyumbani, pengine analipwa kiduchu, na mimi nami nina mdomo.

Kisha tukiwa njiani kurudi nikamshukuru dereva, nikamwambia pole na ile foleni ya asubuhi. Mzee wa watu, hajui kuficha, akasema, "Foleni ilikuwa ndogo, mwanangu. Tulianza kuwapeleka wageni wengine uwanja wa ndege." Kumbe! Sisi tumesimama getini mvua ikitunyea, basi letu linauzwa mara ya pili. Na ule mwendo wa mbio ndani, na "chakula kinapoa", ni kwa sababu jioni kulikuwa na kundi la tatu. Dakika arobaini na tano ndizo nilizopewa mle ndani, nilizihesabu.

Jana wamenitumia ujumbe: mteja wetu mpendwa, tupe nyota tano. Nawapa moja, na hiyo ni ya dereva, wasiiguse.

Kama unataka kwenda, huhitaji wakala. Panda gari la Westlands, mwambie makanga akushushe Museum Hill, upande kwa miguu, na ubebe kitambulisho chako cha shule. Mimi nilirudi peke yangu Jumamosi, nikakaa kwenye kile chumba hadi miguu ikafa ganzi. Waliingia watoto wa shule ya msingi na mwalimu wao, na kabinti kamoja kakasimama karibu yangu, pua kwenye kioo.

"Anti, huyu alikuwa gredi ya ngapi?"

Nikapiga hesabu ya meno. "Ya tatu hivi."

Akamwangalia tena, kutoka kichwani hadi chini. "Mrefu," akasema.