Tiba ya familia ya Maudsley kwa anoreksia: kazi yote iko mezani

Kwa kijana chini ya miaka 18 ambaye hajaugua anoreksia (ugonjwa wa kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa) zaidi ya miaka 3, tiba hii, ambayo wazazi ndio husimamia ulaji wake, ndiyo huduma ya kutafuta kwanza. Ilianzia hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980. Huchukua vikao kama 20 ndani ya miezi 6 hadi 12.

Wazazi wengi hushangaa kuona mtaalamu hamtafuti mchawi. Ugonjwa huu hauna chanzo kimoja: kuna jeni, kuna hulka ya wasiwasi na kutaka kila kitu kisiwe na dosari, kuna balehe, kisha kichocheo kama kujinyima ili kupungua au mazoezi yaliyopitiliza. Njaa yenyewe nayo huukoleza. Katika jaribio la Minnesota, Marekani, la 1944–45, wanaume 36 wenye afya walipunguziwa chakula kwa miezi 6. Wakawa wanawaza chakula kutwa, wanakusanya mapishi na kujitenga na watu. Ndiyo maana hapa sahani hutangulia maongezi marefu.

Kila kikao huanza kwa mtoto kupimwa uzito peke yake na mtaalamu, kisha familia nzima huingia. Kikao cha pili ndicho roho ya huduma hii: familia huja na chakula na kula hapo hapo. Mama akisema "malizia, mwanangu" na baba akaongeza "basi, mwache, amejitahidi", ugonjwa umeshapata pa kupenyea. Mtaalamu mzuri huwaketisha wazazi huku na huku mwa mtoto, akawafundisha kurudia kauli moja fupi, bila kufoka wala kupatana bei juu ya matonge. Mtaalamu anayekiruka kikao hiki, tungemtilia shaka.

Awamu ya kwanza wazazi hushika chakula chote. Ya pili mtoto hurudishiwa uamuzi kidogo kidogo. Ya tatu ni mambo ya kawaida ya ujana. Inapoharibika zaidi ni kwenye ya pili: uzito umepanda, watu wamechoka, mtoto anaachiwa chakula cha mchana shuleni bila msimamizi, na mizani inaanza kushuka. Kosa jingine ni kuwageuza ndugu zake kuwa askari. Kazi yao ni kumliwaza tu. Tahadhari pia na maji mengi yanayonywewa kabla ya kupimwa ili uzito uonekane umepanda.

Huduma isiyo na daktari pembeni msiikubali. Aliyekonda sana akianza kulishwa, fosfati ya damu (aina ya madini) inaweza kuporomoka siku za mwanzo na kuutikisa moyo, hivyo vipimo vya fosfati, potasiamu na umeme wa moyo ni lazima. Akizimia, au mapigo yakiwa ya polepole mno, hospitali kwanza.

Penye ukatili nyumbani, tiba hii haifai. Kwa watu wazima ushahidi wake ni hafifu. Hata kwa vijana, kwenye majaribio waliopona kabisa ni nusu hivi au pungufu.