Kamera ya kuvaa ziwani: ipi uanze nayo ukiwa Mwanza

Kamera yangu ya kwanza ya michezo imelala chini ya Ziwa Victoria, mahali fulani kati ya Capri Point na kisiwa cha Saanane. Maji hayakuiua. Niliinama kuvuta kamba, ikachomoka kifuani, chubwi, basi. Kwa ninavyojua mimi, huenda iliendelea kurekodi tope mpaka chaji ikaisha.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na boya. Kamera ninazozitaja hapa, zikiwa bila kasha la nje, zote zinazama kama jiwe. Kipande cha povu cha rangi ya machungwa au kamba nzuri ya kufungia mkononi ni sehemu ndogo sana ya bei ya kamera. Kama hela inatosha kamera tu bila boya, subiri mwisho wa mwezi.

Wauzaji watakutajia mita: hii inazama mita 10, ile mita 18, ile mita 20. Usikubali mita zikupandishie bei. Maji ya ghuba yetu ni ya kijani, na video ya chini ya maji utakayoipata hapa inafanana na mlenda. Uzuri wa Mwanza uko juu ya maji: mawe ya Bismarck, mitumbwi ikitoka mwaloni Kirumba jioni, daraja la Kigongo–Busisi ukilipita na pikipiki. Na ukiamua kuzama kwa ajili ya video, kumbuka kichocho. Kamera inazuia maji, ngozi yako haizuii.

Niliyoivaa wiki mbili

Insta360 GO 3S ilitoka Juni 2024 kwa dola 399.99 za Marekani. Kwetu ongeza usafiri, kodi na tamaa ya muuzaji. Niliiazima kwa rafiki. Ina gramu 39, nyepesi kuliko yai la kuku. Unavaa mkufu wenye sumaku ndani ya shati, halafu kamera inanasa juu ya kitambaa. Asubuhi ya kwanza nilisalimia "Mwangaluka" nikapanda mtumbwi, na mzee tuliyekuwa naye akanitazama kifuani muda mrefu.

"Mjukuu wangu, kifungo kikubwa hivyo cha nini?"

Nilipomwambia ni kamera, akaweka kofia sawa, akakaa wima kama anapigwa picha ya kitambulisho, na hakulegea tena mpaka tunarudi. Ndiyo hasara ya kuomba ruhusa, lakini iombe. Watu wa mwaloni hawapendi kurekodiwa kwa kuviziwa, na wana haki.

Video za siku hiyo zilinifundisha jambo ambalo boksi haliandiki. Ukiwa unapiga kafi unainama, na kifua kinapoinama kamera inatazama chini. Nilipata nusu saa ya magoti yangu na kopo la kukumbia maji. Kesho yake niliibana kwenye ukingo wa kofia kwa kibanio kinachokuja nayo, na hapo ndipo ziwa likaonekana. Kwenye bodaboda ni vilevile: abiria akiivaa kifuani atarekodi mgongo wa dereva kutoka Nyegezi hadi mjini.

Kosa langu lingine lilikuwa kuinasisha juu ya jaketi la kuokolea. Sumaku ile ni ya nguo nyepesi. Povu la jaketi ni nene mno, na kamera iliteleza wimbi la kwanza tu. Safari hii nilikuwa na kamba. Kwenye jaketi ifunge kwa mkanda wa kifua, usiitegemee sumaku. Na mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo asiivae kabisa.

Kamera yenyewe inazuia maji hadi mita 10, ilimradi kioo cha kinga cha lenzi kiwe kimefungwa. Lile boksi lake lenye kioo cha kutazamia, Action Pod, linavumilia matone tu. Liache nchi kavu, au lifunge kwenye mfuko wa zipu. Chaji ndiyo inayoumiza: mtengenezaji anasema dakika 38 kamera ikiwa peke yake, 140 ikiwa ndani ya boksi. Betri haichomolewi, kwa hiyo hakuna kubadilisha katikati ya ziwa. Hifadhi ni ya ndani, GB 64 au 128, na hakuna mahali pa kadi.

Kwa kuvaa hasa, mpaka usahau kwamba umevaa kitu, sijaona ya kuishinda kati ya nilizozishika. Hata hivyo naiweka ya pili.

Ya kwanza kwangu: DJI Osmo Action 4

Sababu ni jioni. Mitumbwi ya dagaa inatoka jua likizama, na hapo kamera ndogo nyingi zinaanza kutoa chenga. Action 4, iliyotoka Agosti 2023, ina kihisi cha picha cha inchi 1/1.3, wakati GO 3S ina kidogo zaidi, cha 1/2.3. Kihisi kikubwa kinakusanya mwanga zaidi, na tofauti unaiona bila kuambiwa: anga linabaki na rangi yake, uso wa mvuvi haugeuki kivuli. Usiku wa giza wenyewe, taa za dagaa zikiwashwa, hata hii inashindwa, tena kwa sababu moja na nyingine zote. Utulizaji wa mtikisiko unahitaji mwanga. Gizani kila taa inachora mkia.

Betri yake inachomolewa, ina vioo viwili vya kutazamia, na mguu wake unanasa kwa sumaku yenye meno, kwa hiyo unaihamisha kutoka mkanda wa kifua hadi usukani wa baiskeli kwa mkono mmoja. Ina gramu 145, utaihisi kifuani. Ukikuta Action 5 Pro kwa bei inayokaribiana, chukua hiyo: ina hifadhi ya ndani ya GB 47 na inakaa na chaji zaidi.

Ya tatu: GoPro HERO13 Black

Mwenye baiskeli anaweza kuipandisha iwe ya kwanza. Ina GPS, ambayo HERO12 haina, kwa hiyo video ya kushuka mlima Isamilo inaonyesha na kasi yako. Vishikizo vya mtindo wa GoPro ndivyo rahisi kuvipata, hata vya bei chee. Angalia betri tu: ya HERO13 haiingiliani na ya HERO12, na muuzaji asiyejua atakuuzia yoyote iliyopo kabatini.

HERO ndogo ya 2024, ya gramu 86 na dola 199 ilipozinduliwa, ni ya nne. Betri haitoki, na utulizaji wa mtikisiko unafanyika baadaye kwenye simu, katika programu ya Quik. Kwa safari ya familia Saanane inatosha. Kwa pikipiki barabara ya vumbi, hapana.

Za bei chee kama SJCAM SJ4000 na AKASO EK7000 zinaingia majini ndani ya kasha la plastiki. Ndani ya kasha sauti yako inakuwa kama ya mtu aliyefunikwa sufuria, na kamera ikipata joto kisha ikagusa maji, kioo kinashika ukungu. Weka kile kipakiti cha kunyonya unyevu kinachokuja na viatu vipya. Zile zisizo na jina kabisa, zilizoandikwa 4K kwa herufi kubwa kuliko kamera yenyewe, ziache.

Kadi, na ndoo

Video ya 4K ya megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kwa saa. Tafuta memori kadi yenye alama ya V30, yaani ya kasi inayotosha kurekodi video, kisha usiiamini. Niliwahi kununua ya "GB 128" mjini. Safari nzima ya Ukerewe ilihifadhika dakika za mwanzo, zilizobaki zikawa mafaili yasiyofunguka. Programu ya bure ya H2testw inajaza kadi kwenye kompyuta na kukuambia ukubwa wake wa kweli. Inachukua muda. Iache usiku ikifanya kazi.

Ukinunua iliyotumika, rekodi dakika 10 palepale dukani na uitazame kwenye simu yako. Fungua kifuniko cha betri, pitisha ukucha kwenye mpira wake: mchanga au unywele mmoja unatosha kuingiza maji. Ukiridhika, omba ndoo ya maji, izamishe ikiwa inarekodi, mkapige stori robo saa.

Muuzaji wa mwisho niliyemwendea aliniapia kwamba kamera yake ilishazama mita 18 mara nyingi. Nilipotaja ndoo, akasema maji yamekatika.