Miezi 8 na kegi ya kuchachushia bia kwa presha: uzoefu wangu

Kabla ya kegi hii nilikuwa natengeneza bia kwenye ndoo ya plastiki, na hatua iliyokuwa ikiniumiza ni ileile kila mara: kuihamisha. Bia ikiiva unafunua ndoo, unaivuta kwa mpira hadi kwenye chupa, unatia sukari, unabana vizibo, kisha unasubiri wiki 2 ipate gesi. Katika pilika hizo hewa inaingia, na oksijeni ni adui wa bia iliyokwisha kuchachuka. Bia zangu zenye hopsi nyingi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) zilinukia vizuri wiki ya kwanza, halafu rangi ikaanza kufubaa na harufu ikageuka ya boksi lililolowa maji.

Sasa natumia kegi ya chuma cha pua ya lita 19, vali ya spunding yenye mshale wa kupimia presha, na mrija unaoelea ambao unachota bia kutoka juu badala ya chini kwenye mashapo. Hamira inapokula sukari inatoa pombe na kaboni dayoksaidi. Kwenye ndoo gesi hiyo inapotea hewani. Kwenye kegi inabaki ndani, na vali inaachia ile tu inayozidi presha uliyoiweka. Bia inajitilia gesi yenyewe. Jina la vali linatokana na neno la Kijerumani Spund, yaani kizibo cha pipa.

Mara ya kwanza nilikosea vibaya. Nilijaza hadi lita 18 kwa tamaa, nikaweka vali psi 12 (psi ni kipimo cha presha), nikalala. Asubuhi ya siku ya pili mshale ulikuwa umepita 30 na vali haitoi hata mlio. Povu lilikuwa limepanda hadi ndani ya vali na kuiziba kwa uji wa kahawia, unaonata, umejaa vipande vya hopsi. Nilivuta pete ya vali ya usalama kwenye kifuniko kidogo kidogo, na kila nikivuta povu linaruka hadi ukutani. Ilinichukua karibu saa nzima kuishusha presha. Tangu siku hiyo sipiti lita 15, na vali naifungua na kuiosha kila baada ya bia moja. Tena nasema kwa msisitizo: usijaribu hili kwenye chombo ambacho hakikutengenezwa kuhimili presha. Mtungi wa kioo ukipasuka unaua.

Faida iliyonishangaza zaidi ni kwenye laga. Kwa kawaida laga inataka baridi, nyuzi 10 hadi 13 za Selsiasi hivi, ili isitoe harufu za matunda. Presha inasaidia kuzizuia harufu hizo, kwa hiyo nilichachusha kwa hamira ya laga iitwayo W-34/70, kwa nyuzi 19 na psi 12, na bia ikatoka safi, nyepesi, imemaliza kazi ndani ya siku 6. Lakini kwa bia ya ngano ya Kijerumani siitumii presha mwanzoni. Ile harufu ya ndizi na karafuu ndiyo bia yenyewe, kwa nini niizime?

Hapa kwenye gesi ndipo wengi wanapokwama. Psi 12 katika nyuzi 4 inakupa takriban ujazo 2.5 wa gesi (yaani kila lita ya bia imeyeyusha lita 2.5 za gesi), kiwango kizuri kwa bia nyingi. Psi hiyohiyo katika nyuzi 20 haifiki hata 2, kwa sababu kimiminika cha moto hakishiki gesi kama cha baridi. Ukitaka 2.5 katika nyuzi 20 unahitaji karibu psi 28. Mimi naanza na 12, haidromita (kifaa cha kupima sukari iliyobaki kwenye bia) ikisoma karibu 1.015 napandisha vali hadi 28, na sukari iliyobaki inamalizia kazi. Ukichota ya kupima, iache kwanza povu lake liishe. Viputo vinainyanyua haidromita na utasoma namba ya uongo.

Malalamiko yangu ni mawili. Kegi niliyouziwa ilikuja na ringi ya mpira ya kifuniko iliyokauka, na siku 2 nzima mshale ulikaa kwenye sifuri huku nikidhani hamira imekufa. Nilipaka maji ya sabuni kuzunguka kifuniko na viputo vikaanza kutoka upande mmoja. Ringi mpya, grisi ya chakula kidogo, na psi 25 kutoka kwenye mtungi wa gesi ili kifuniko kikae sawa: kazi ikaisha. La pili ni mshale wa vali. Wangu unakosea kwa psi 3, nimeulinganisha na wa rigyuleta, kidhibiti presha cha mtungi wa gesi, kwa hiyo nauongezea kichwani kila ninapousoma.

Ikiisha kuchachuka naiingiza kegi kwenye friji ilivyo. Ndoo ikipoa inavuta hewa ndani. Kegi presha inashuka tu, hewa haiingii. Baada ya siku 3 naunga bomba na kumimina. Glasi ya kwanza ina ukungu wa hamira, naimwaga. Ya pili inang'aa, povu jeupe la vidole viwili, na hopsi zinanukia kama siku niliyozitia. Bia ya mwezi uliopita bado inanukia hivyo leo, wiki ya 5.