Diodi na LM317 ndani ya ampli ya lampi: nimejaribu, tuangalie

Bandugu karibuni tena. Leo niko na hii ampli yangu, ile nilijenga na lampi (zile za kioo, vali) za radio mbili za zamani nilizokuta Birere, hapa Goma: EL84 mbili za kusukuma spika, moja kila upande, na ECC83 moja ya kukuza sauti hapa katikati. Munaona hii shimo haina lampi? Hapo njo kulikuwa EZ80, ile lampi inageuza umeme ya transfo kuwa DC, umeme ya njia moja kama ya betri. Ilichoka, ingine nzima sikupata, basi nikaweka diodi mbili za 1N4007, zinafanya kazi ile ile, kidogo hivi kama punje ya mchele.

Banasemaka ukitia diodi haiko tena ampli ya lampi. Eh, acheni! Mu EZ80 muziki haipitake, kazi yake ni kulisha tu. Mimi nimepata besi imekaza kidogo, na transfo haichomi mkono kama zamani juu EZ80 peke yake ilikuwa inakula ampea 0.6 ya kupasha moto tu.

Lakini sikia hapa vizuri. Transfo yangu inatoa volti 250 kila upande, ukipiga mara 1.41 kupata kilele yake unapata 353, na kondasateri zangu, zile zinaweka akiba ya umeme, zilikuwa za volti 350. EZ80 inapataka moto polepole pamoja na EL84, ile volti kubwa ikifika inakuta lampi zimeshaanza kunywa, inashuka. Diodi haingojake mtu! Unawasha tu, volti zote ziko juu na lampi zingali baridi. Na hapa Goma munajua, umeme inakatika inarudi, siku ile ilirudi mara tatu mangaribi moja, ya tatu nikasikia harufu, kuangalia kondasateri imevimba kichwa. Sasa niliweka za 450. Na diodi usichukue 1N4004, ni ya volti 400, hapa kila moja inabeba kama 700, 1N4007 inafika 1000.

LM317 je, ile kipande ya miguu tatu yenye hapa inashikilia umeme ya lampi kwa kipimo kimoja? Ile njo nimependa zaidi. Niko nayo chini ya katodi (mguu wenye umeme ya lampi inapitia) ya kila EL84 na resistansi ya om 33, 1.25 gawanya kwa 33, unapata miliampea 38 hivi. Lampi za kuokota hazifanane, moja ilikuwa inakunywa sana kuliko mwenzake, sasa zote mbili sawasawa. Usisahau tu kondasateri kando yake, bila ile sauti inakufa. Niliweka Franco na OK Jazz, gitaa solo inatoka safi, kila uzi unausikia.

Sasa nazima, nawaonyesha kitu. Resistansi hii ya kilo-om 220 iko ya kumwaga umeme yenye inabakia ndani ya kondasateri. Nimechomoa EL84 makusudi, zisikunywe ile umeme. Angalia meta: 340... 210... 120... ngoja, usiguse... 40. Karibu dakika nzima. Bado kidogo. Haya, sasa naweza kuingiza mkono.